Mwizi Anajua Nauli ya Dar

Kuna ushauri mmoja ambao nikiusikia redioni nazima redio. "Usilipe kabla hujaiona bidhaa kwa macho yako." Anayeutoa yuko studio, Dar es Salaam. Akimaliza kipindi anapanda daladala, anashuka Msimbazi, anaingia mtaa wa Aggrey, anaishika simu, anaigeuza, anaiwasha, anabishana bei, anasonya, anahamia duka la pili. Mimi naishi Nsemulwa, hapa Mpanda. Macho yangu yakijitahidi sana yanafika Kawajense. Nikitaka kuiona bidhaa ya Kariakoo kwa macho haya haya, lazima niage familia, nibebe koti na karanga, nikae kwenye basi zaidi ya kilomita elfu moja. Au nipande treni: Mpanda hadi Kaliua kwa tawi la reli ambalo mkoloni alilitandika kufuata madini ya risasi ya hapa kwetu, kisha Tabora, kisha reli ya kati mpaka pwani. Ile treni ya umeme tunayoonyeshwa kwenye taarifa ya habari inaishia Dodoma. Hongereni watu wa Dodoma.

Sasa tupige hesabu. Nauli ya kwenda. Nauli ya kurudi. Chakula cha njiani, kile unachopewa dakika kumi ukimalize huku dereva anapiga honi. Gesti ya Dar, ambayo feni yake inazunguka ikiwa imelipiwa. Hela ya kupotea, maana utapotea. Jumlisha zote. Jumla utakayopata ndiyo kiasi ambacho mtu wa Mpanda anaweza kuibiwa na mwizi akalala usingizi mnono. Akikuchukulia chini ya hapo, kumfuata ni hasara ya pili. Na matapeli wa mtandaoni walishaipiga hesabu hii zamani, tena bila kikokotoo. Mtu wa Mbagala akilizwa laki mbili, jioni yuko mlangoni kwa mtu na shemeji zake watatu. Mtu wa Mpanda akilizwa laki mbili anasema "namwachia Mungu", na Mungu analundikiwa mafaili.

Nayasema haya kwa sababu ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye kwa sasa hataki TV itajwe mbele yake.

Kwanza mumjue. Huyu ni mtu wa mnada wa ng'ombe. Sijawahi kuona mnunuzi mgumu kuliko yeye. Anafika asubuhi kabla mifugo haijatulia. Anamzunguka dume, halafu anamzunguka tena kwa upande mwingine asije akawa amebadilika. Anamfungua mdomo, anahesabu meno: yakiwa mawili ya kudumu huyo ana miaka miwili hivi, na muuzaji asije akamwambia habari za ndama wa mwaka jana. Anabonyeza nundu. Anainua mkia, mambo ya kule nyuma mwachieni yeye. Anamtembeza aone kama anachechemea. Anaangalia alama ya moto kwenye paja, anadai kibali, anauliza ng'ombe ametoka kwa nani, na huyo nani alimpata wapi. Dalali akisema bei, shemeji anacheka kwa sauti mpaka watu wanageuka. Aliwahi kumkataa beberu mzima, mnene, eti kwa sababu alimtazama kwa dharau.

Ninyi mnaopita Katavi kwenda kuangalia viboko hifadhini mnadhani hapa tunaishi kwa upepo. Hapana. Mkoa huu una wafugaji waliotoka kote, Wasukuma wamejaa na ng'ombe wao, na mnada ni shule. Wapo hata wale wapambe wanaopangwa na muuzaji kupandisha bei. Lakini mpambe wa mnadani unamwona. Unaviona viatu vyake. Kila wiki anataja bei kubwa na kila wiki anarudi nyumbani mikono mitupu, hana hata kamba ya ng'ombe. Ukishamjua, akifungua mdomo unanyamaza, unamwacha ang'ang'anie dume lake mpaka muuzaji mwenyewe amsihi ashuke.

Basi mtu huyu, profesa wa meno ya ng'ombe, aliingizwa kwenye kundi la WhatsApp la mnada. Nani alimwingiza hajulikani. Haya makundi unaamka asubuhi unajikuta umo. Kila jioni muuzaji anatupia picha: jokofu, pikipiki, simu, sofa. Bei inaanzia chini sana, watu wanapandishiana, na dakika zikiisha aliye juu ndiye mshindi, ananunua. Picha zote zinang'aa. Sofa zote zimepigwa picha kwenye sebule yenye vigae na pazia refu, sebule moja ile ile, kana kwamba nchi nzima wanaohama ni familia moja tu.

Siku hiyo ikaja TV ya inchi 55. Dukani hupati kitu hicho kwa hela ya mchezo. Mnada ukaanzia elfu hamsini. Shemeji akaweka sitini. Akajibiwa na namba asiyoijua: "Naongesa kumi." Akaweka themanini. Namba nyingine: "Naongesa kumi." Akaweka laki. Namba ya tatu, yenye picha ya mtoto mchanga: "Naongesa kumi."

Mke wangu alikuwa anachungulia begani kwa kaka yake. Akauliza, "Hawa wote wamesoma shule moja?"

Shemeji akamwambia aende akaangalie maharage.

Mwendo huo huo mpaka laki mbili na ishirini, dakika zikaisha, akashinda. Alishangilia mpaka majirani wakadhani Simba imefunga. Kundi zima likampongeza. Hata wale watatu aliowashinda walimpongeza, bila kinyongo, kwa mwandiko ule ule.

Minada ya mtandaoni haikuanza hivi. Mwaka 1995 kule Marekani, Pierre Omidyar alianzisha mnada wa mtandaoni ambao leo dunia nzima inauita eBay. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kitochi cha leza, kile cha kuonyeshea ubaoni, tena kibovu. Kikanunuliwa kwa dola 14.83. Inasimuliwa kwamba Omidyar alimwandikia mnunuzi kumuuliza kama ameelewa kwamba kitu chenyewe hakifanyi kazi. Mnunuzi akajibu kwamba anaelewa sana, yeye hukusanya vitochi vibovu vya leza. Mwanzo mzuri kiasi gani huo! Muuzaji anaogopa mteja asije akadhulumiwa. Mtu huyo angezaliwa kwetu angeambiwa na wenzake kwamba biashara haimfai, akasomee upadri.

Turudi kwa mshindi wetu. Muuzaji akampigia mara moja, sauti laini, redio ya injili inasikika kwa mbali.

"Hongera sana bosi wangu."

Hapo ndipo ninapoamini shemeji aliondoka duniani. Mnadani wanamwita "wewe mzee wa meno". Mke wake anamwita baba fulani. Mimi namwita shemeji, na nikikasirika namwita majina mengine. Hakuna aliyewahi kumwita bosi. Alinyooka mgongo. Akaanza kuongea Kiswahili cha televisheni: "Sasa ndugu, utaratibu wa malipo ukoje?"

Mke wangu, ambaye maharage yake yalikuwa yameshaungua, akamwambia amwombe huyo bwana ampigie kwa video amwonyeshe TV ikiwa imewashwa. Shemeji akauliza kwa sauti ya kuomba radhi. Akajibiwa kwamba kamera ya simu imeharibika. Nataka mliangalie jibu hilo vizuri. Mtu anayetupia picha arobaini kila jioni, tena picha za kung'aa, kamera yake imeharibika. Halafu akaongeza lile neno linalowamaliza watu wa mikoani: "Bosi, kama hela huna sema tu, tusipotezeane muda. Kuna mteja Arusha analia."

Nimewaza sana kuhusu neno hilo. Ng'ombe dume akiwa mbele yake, shemeji haoni aibu kumwinua mkia mbele ya umati. Lakini kwenye simu, na mtu wa Dar, anaona aibu kuuliza swali la tatu, asije akaonekana mshamba. Tapeli anajua nauli yetu, hilo nimeshasema. Kitu cha pili anachokijua ni kwamba mtu wa mkoani yuko tayari kupoteza hela kuliko kuitwa mshamba. Mimi nasema bora ushamba. Mshamba anauliza kila kitu, anarudia kuuliza, anaomba aandikiwe, anasema ngoja nimuulize mke wangu. Tapeli wa kawaida hana bando la kumaliza mazungumzo na mshamba kamili.

Ikafika zamu ya kulipa. Na hapa Watanzania wote mtaniambia kama mmewahi kusikia maneno haya: "Jina litakuja la mhasibu wetu."

Wenzetu wa kampuni za simu walihangaika kutuwekea jina la mpokeaji lionekane kabla hujaweka namba ya siri. Kazi kubwa, ya maana. Tapeli ameivunja kwa sentensi moja. Jina litakuja la mhasibu. Jina litakuja la mke wangu. Jina litakuja la kijana wa stoo. Jamani, mtu anauza TV moja, kwenye sebule isiyo yake, mhasibu wa nini? Anahesabu nini? Biashara yenye mhasibu kweli ina lipa namba ya biashara, na jina linalokuja ni la biashara. Shemeji akaweka namba, likaja jina la mwanamke, jina la kizee kabisa, la aina ambayo siku hizi hawabatizwi. Akatabasamu. "Mhasibu," akasema, akabonyeza.

Kesho yake asubuhi ikaanza safari ya TV. Kwanza elfu kumi na tano ya boksi gumu, kwa sababu njia ya Mpanda "ni ya vumbi". Tukamwambia shemeji amjibu kwamba lami imeshafika Mpanda kutoka Tabora, asituzoee. Akajibu, na akatuma elfu kumi na tano. Kisha elfu ishirini ya bima. Mchana ikaja habari kwamba gari limezuiwa mizani ya Vigwaza, TV imezidisha uzito, inatakiwa elfu thelathini. Mizani ya Vigwaza inapima malori ya shaba yanayotoka Kongo! Semi-trela inapita, TV ya inchi 55 inakamatwa! Nilimshika shemeji mkono. Akasema, "Kwa hiyo niiache pale barabarani?" Alishaiona kuwa ni yake, imekaa peke yake Vigwaza kwenye jua, inamwita. Mbinu yao yote iko hapo: ukishalipa mara ya kwanza, kila shilingi inayofuata unailipa ili ile ya kwanza isipotee. Nilimnyang'anya simu. Jioni picha ya muuzaji ilikuwa imeondoka na shemeji ametolewa kwenye kundi.

Tulikwenda polisi kuchukua RB. Afande alikuwa mpole, akaandika, akatueleza habari za Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, akasema angalau tungepiga 100 dakika ile ile ya kwanza, kabla hela haijatolewa, kampuni ya simu ingeweza kuizuia. Siku moja na nusu ilikuwa imepita na hela yenyewe imeshakuwa chipsi. Kwa hiyo tukatuma namba ile 15040, ambako mamlaka ya mawasiliano, TCRA, wanapokea namba za matapeli, ili angalau laini ifungwe. Shemeji aliuliza kama wanaweza pia kumfunga mwenye laini. Jina analo: mhasibu.

Nikamwambia aache. Huyo mhasibu inawezekana sana ni bibi wa watu, yuko kijijini anapepeta mchele, hajui hata kwamba ana kazi ya uhasibu Dar. Mnakumbuka usajili wa laini kwa alama za vidole? Tarehe 20 Januari 2020 ilikuwa mwisho, wakaanza kuzima laini za ambao hawajasajili, nchi nzima ikakimbilia kwa wale vijana wa mwamvuli. "Bibi, weka kidole. Hakijasoma. Weka tena. Mikono yako ina magamba ya jembe bibi, pangusa, weka tena." Kidole kilikuwa kimesoma mara ya kwanza. Mara ya pili kilisajili laini nyingine, na hiyo laini ikaenda mjini bila mwenyewe. Kuna namna ya kujua: unabonyeza *106# unaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Nilimbonyezea mama mkwe. Akakutwa na laini nne. Mama mkwe ana simu moja ya kitochi, ina tundu moja la laini, na hilo tundu lina mchwa. Tulikwenda kuzifuta, yeye akiwa mkali kweli, anataka kujua hizo laini nyingine zilikuwa zinampigia nani.

Majirani wakaanza kumfariji shemeji kwa njia ya Mpanda, yaani kwa kumcheka. Wengine wakasema mwizi atakuwa wa Rukwa. Ni kweli kwamba taarifa za TCRA zimeitaja Rukwa mara nyingi kileleni kwa laini zilizofungwa kwa majaribio ya utapeli, Morogoro ikifuata nyuma yake. Na ni kweli kwamba sisi tulikuwa Rukwa hadi mwaka 2012, Katavi ilipokuwa mkoa. Wapo wanaotamba kwamba tulijitoa mapema. Mimi sitambi. Zamani mtu akitoka Sumbawanga mnaogopa radi, leo mnaogopa ujumbe mfupi. Hao ni ndugu zetu wanaopakaziwa kila teknolojia ikibadilika. Na laini iliyosajiliwa Laela ya Rukwa inaweza kuwa mfukoni mwa mtu wa Tandale.

Kijiweni kwetu bado kuna mwingine amekomaa na magari ya mamlaka ya mapato, TRA. Huyu ananichosha. Kila wiki anakuja na picha: Toyota IST, milioni mbili na nusu, "za mnada, zimekaa bandarini, wenyewe wameshindwa kodi". Sasa, mnada wa namna hiyo upo kweli. Mizigo isiyotolewa forodhani kwa muda uliowekwa huuzwa kwa mnada, ndivyo sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inavyosema, na TRA hutangaza hadharani. Uongo mzuri huwa umepanda mgongoni mwa jambo la kweli. Lakini malipo ya serikali nchi hii siku hizi yana namba ya kumbukumbu, hata ukilipa faini ya bodaboda unapewa namba ya kumbukumbu. Nikamuuliza: wewe umepewa namba gani? Akanionyesha namba ya simu. Nikamuuliza jina linakuja la nani. "La ofisa," akasema kwa kunong'ona, "anatusaidia pembeni." Huyu hatapeliwi tu, huyu anadhani anashirikiana na mtu kuiibia serikali gari. Ndiyo maana watu kama yeye hawaendi polisi. Utamwambiaje afande kwamba ulimtumia ofisa hongo na ofisa hakuwa ofisa?

Mtu pekee mtaani kwetu ambaye mtandao haujamweza ni mwalimu mmoja mstaafu. Kiinua mgongo kilipotoka, wote tulijua atapigwa. Wastaafu ndio shamba lao matapeli. Akasema anataka gari la Japani. Akakaa chini miezi mingi na daftari la shule, lile la mistari, anasoma. Akatufundisha kwamba magari mengi ya kule hupita kwanza kwenye minada yao wenyewe, na kila gari linapimwa na kuandikiwa karatasi. Kuna alama ya jumla, nne na nusu ni gari zuri, tatu limechakaa, na ukiona R ujue limewahi kugongwa likatengenezwa. Kuna mchoro wa gari ukiwa umeandikwa herufi: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni mahali paliponyooshwa pakabaki na mawimbi. Mkwaruzo wa ukubwa wa kucha umeandikwa! Mwalimu alikuwa anatuonyesha karatasi hiyo kijiweni kwa heshima, machozi yakimlengalenga. Maisha yake yote amesahihisha madaftari na hakuwahi kuona mtu anayekubali kosa kabla ya kuulizwa. Kwetu gari limepinduka mara mbili, muuzaji anaandika "halina tatizo lolote, ni kuweka mafuta na kuondoka".

Hata yeye walimjaribu. Ikaja tovuti yenye magari mazuri, bei ya kutupa. Akatafuta picha zile, akazikuta kwenye tovuti ya kampuni nyingine, kubwa, gari lile lile, taa ile ile imepasuka, bei tofauti. Akaomba maelezo ya benki, akaletewa akaunti ya mtu binafsi, tena si ya Japani. Akaingia kwenye orodha za chama cha wauza magari yaliyotumika cha Japani, JUMVEA, ambacho hutoa tahadhari za wauzaji bandia, kuangalia jina. Halikuwemo kati ya wanachama. Akamwandikia muuzaji barua pepe ndefu ya Kiingereza cha Cambridge kumsahihisha sarufi, akampa alama ya R. Gari lake alikuja kulinunua kwingine, linafanya kazi. Ubaya ni kwamba tangu hapo anatupima watu. Mimi ameniandikia tatu, nje mawimbi.

Lakini mwalimu ana muda, na ana macho ya kusoma Kiingereza kidogo kidogo kwenye simu. Sisi wengine tunafanyaje? Maana vitu tunavihitaji. Maduka ya Mpanda yapo, na wenye maduka ni watu wema, lakini wao nao wanavileta kutoka Dar, na wakishaviweka kwenye rafu wanaongeza bei ya umbali, ya vumbi, ya mashaka, na ya kwamba wanakujua.

Jibu la Mpanda, na nadhani la mikoa yote iliyo mwisho wa reli, ni mpwa. Kila ukoo una mtoto mmoja anayesoma au kuhangaika Dar. Huyo ndiye jicho. Muuzaji akisema "tunatuma mikoani, unalipia kwanza", unamjibu, "Vizuri sana, binti yangu yuko njiani anakuja hapo dukani kuichukua." Hapo utaona maajabu. Duka linahama. Lilikuwa Kariakoo, sasa liko Bunju. Asubuhi walifungua, sasa wako msibani. Muuzaji wa kweli atakwambia tu mtaa na ghorofa, na kwamba aje kabla ya saa kumi na mbili. Kwa jibu hilo moja nimeokoa hela nyingi za ukoo, na mpwa hajainuka kitandani.

Muuzaji akikubali, ndipo mpwa anakwenda kweli. Anaiwasha TV mbele ya kamera, ananionyesha namba iliyoko nyuma ya TV na iliyoko kwenye boksi kama zinalingana. Analibeba mwenyewe boksi mpaka ofisi ya basi, halibebwi na kijana wa duka, kwa sababu kati ya dukani na stendi TV zimewahi kugeuka tofali. Anapiga picha risiti ya mzigo, namba ya gari na, kwa kuwa mimi ni mshamba na najivunia, sura ya kondakta. Kwa utaratibu huo shemeji alipata TV yake mwezi uliopita. Inchi 32. Ameiwekea kitambaa cha kufuma na hatujaruhusiwa kuigusa, na mke wangu akipita karibu nayo anasema "naongesa kumi", shemeji anatoka nje.

Tatizo lililobaki ni mpwa mwenyewe. Habari zilisambaa ukoo mzima kwamba ana jicho, sasa hapumziki: shangazi wa Inyonga anataka cherehani, mjomba wa Karema anataka injini ya boti, kanisa linataka spika. Alianza na hela ya nauli tu. Ikawa hela ya nauli na soda. Juzi nimepokea orodha, imepangwa vizuri kwa herufi kubwa. Kukagua simu, elfu tano. TV, elfu kumi. Jokofu, elfu ishirini, kwa sababu lazima uiname. Gari, maelewano. Na chini kabisa ameandika kwamba kutokana na wateja wasumbufu, ambao ni sisi wajomba zake, kuanzia sasa malipo ni kabla ya huduma.

Nikampigia. "Shikamoo mjomba," akasema, laini imejaa kelele za Kariakoo. Nikamwambia marahaba, nimeiona orodha, nataka anikagulie jokofu la mama mkwe, je, nitume kwa namba yake hii hii?

"Hapana mjomba, hii imejaa. Nakutumia nyingine. Jina litakuja la rafiki yangu wa chumbani."